Kamera za Ulinzi: Namna ya Kuchagua Habu Yenye Hifadhi ya Ndani

SOMO KWA MAKATIBU, WAJUMBE WA BODI NA VIKUNDI VYA KUSOMEA

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, kila katibu na kila mwanachama anatazamiwa aweze:

(a) kueleza habu ya kamera ni kitu gani na inafanya kazi gani;
(b) kupima faida na hasara za kuhifadhi picha chumbani na za kuzihifadhi mbali;
(c) kukadiria ukubwa wa hifadhi na wa betri unaokifaa chama chake au nyumba yake;
(d) kumhoji muuzaji maswali yanayofaa kabla ya kutoa fedha;
(e) kuandaa utaratibu wa kutunza funguo na picha ambao wanachama wote wataukubali.

Kikundi kisilimalize somo hili kwa siku moja. Inafaa ligawanywe katika mikutano mitatu: sehemu ya kwanza hadi ya tatu, ya nne hadi ya sita, kisha ya saba na ya nane pamoja na maswali.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imeandikwa katika kuta za ofisi nyingi za vyama vyetu, na makatibu wengi waliifahamu hata kabla hawajafundishwa hesabu za mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Kamera ni daftari la namna nyingine. Haiandiki kilo wala shilingi. Huandika nani aliingia, saa ngapi, na alitoka na nini.

Historia ya ushirika katika upande huu wa Ziwa Viktoria ilianzia kwenye jambo la kutazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa lililokuwa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, walidai wawe na wapimaji wao wenyewe wa kusimama kando ya mizani na kuhakikisha uzito. Kutokana na juhudi hizo vyama vya msingi vikaundwa, na mwaka 1955 vyama vikuu vyao vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Basi ushirika wetu ulizaliwa pale mkulima aliposema: nataka jicho langu mwenyewe liwepo mizani inaposomwa.

Leo wanachama wa Murangi na vijiji vya jirani katika Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama wana mali nyingi zaidi ya kulinda. Msimu wa pamba unapofunguliwa, marobota hulala ghalani na fedha hulala ofisini. Nyumbani kuna ng'ombe zizini, pikipiki barazani, nyavu na mashine ya mtumbwi stoo. Bei ya kamera imeshuka sana, na wauzaji wanapita wakizisifu. Lakini wengi huuliza bei ya kamera tu, wala hawaulizi picha zitakaa wapi, na nani atakuwa na ufunguo wake. Hayo ndiyo maswali makubwa ya somo hili.

2. Habu ni kitu gani

Kamera peke yake ni jicho lisilo na kumbukumbu. Ili picha zibaki, ni lazima ziandikwe mahali. Zipo kamera zenye tundu la kadi ya kumbukumbu ndani yake. Nazo ni rahisi, ila mwizi akiing'oa kamera ameondoka pia na ushahidi. Kwa sababu hiyo watengenezaji wameunda kisanduku kimoja kinachokaa ndani ya nyumba, ambacho kamera zote hupeleka picha zao kwake. Kisanduku hicho ndicho tunachokiita habu.

Habu ziko za namna mbili kuu.

Namna ya kwanza ni habu ndogo ya nyumbani, itumiayo mawasiliano ya redio, hasa Wi-Fi. Kamera zake nyingi huendeshwa kwa betri au kwa kipande cha sola. Mifano inayopatikana madukani ni Reolink Home Hub, iliyo na nafasi mbili za kadi za kumbukumbu, kila moja isiyozidi gigabaiti 512. Tapo H200 ya TP-Link, itumiayo kadi moja. Na eufy HomeBase 3, yenye gigabaiti 16 ndani yake na nafasi ya kuongeza diski.

Namna ya pili ni mashine ya kurekodi ambayo mafundi huiita DVR au NVR. Hii ina diski kubwa, nayo huunganishwa na kamera kwa waya. Mashine za Hikvision na Dahua zimeenea sana katika maduka ya miji yetu. DVR hupokea picha kwa waya wa aina ya ule wa televisheni. NVR hupokea kwa waya wa mtandao, na mara nyingi waya huohuo hupeleka umeme kwenye kamera.

Kwa nyumba ya mwanachama mwenye kamera mbili au tatu, habu ndogo yatosha. Kwa ghala na ofisi ya chama, mashine ya waya ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Sababu ni hii: kamera ya betri hulala ili kutunza nguvu, na huamka pale tu inapohisi kitu kinapita. Mara nyingine sekunde za kwanza hukosekana. Kwa mlango wa nyumba si neno. Kwa mizani, ambapo kila kilo ina mwenyewe, pengo la sekunde chache ni chanzo cha ugomvi.

3. Picha zikae chumbani au zikae mbali?

Makampuni mengi hushawishi wateja wazihifadhi picha katika kompyuta za kampuni zilizo nchi nyingine. Hifadhi hiyo huitwa wingu. Uzuri wake ni mmoja, nao ni mkubwa: mwizi akibeba kila kitu ofisini, picha zimebaki. Lakini hasara zake zapasa kupimwa.

Hasara ya kwanza ni gharama. Wingu hulipiwa kila mwezi, na picha husafiri kwa bando. Katika sehemu ya nne tutaona kwa hesabu kwamba kamera nne zikirekodi mchana na usiku hutoa takriban gigabaiti 2,592 kwa mwezi. Hakuna chama cha msingi kinachoweza kubeba mzigo huo kwa mtandao wa simu.

Hasara ya pili ni utegemezi. Mwaka 2016 kampuni ya Nest ya Marekani iliizima huduma ya habu iliyoitwa Revolv. Watu waliokuwa wamenunua kifaa hicho kwa fedha zao walikiona kinageuka kisanduku kitupu, ingawa hakikuwa kimeharibika. Kifaa kisichoweza kufanya kazi bila idhini ya kampuni ya mbali, mnunuzi wake amekodi tu, hata kama ana risiti.

Hasara ya tatu ni siri. Mwezi Machi 2021 wadukuzi waliingia katika mfumo wa kampuni ya Verkada na kuziona picha za kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za hospitali, shule na magereza. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba kampuni ya Ring ilikuwa imewaachia wafanyakazi na vibarua wake nafasi ya kutazama picha za siri za wateja. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Mwezi Februari 2024 wateja wapatao 13,000 wa kampuni ya Wyze walionyeshwa picha za nyumba za watu wengine baada ya hitilafu ya mitambo.

Kwa hayo yote, hifadhi ya ndani ndiyo inayovifaa vyama vyetu. Walakini, msomaji asidhani kwamba neno "hifadhi ya ndani" likiandikwa kwenye boksi basi kazi imekwisha. Mwezi Novemba 2022 mtafiti mmoja alionyesha kwamba kamera za eufy, zilizouzwa kwa sifa ya kutunza picha nyumbani tu, zilikuwa zikipeleka picha ndogo za watu kwenye wingu bila mwenye kamera kuelezwa wazi. Ikaonekana pia kwamba picha zake za moja kwa moja ziliweza kufunguliwa kwa njia ya mtandao bila kufichwa ipasavyo. Kampuni mama, Anker, ilikiri mapungufu hayo mwanzoni mwa mwaka 2023 na kuyarekebisha. Funzo ni kwamba ahadi ya muuzaji hupimwa kwa majaribio, kama vile mizani ipimwavyo kwa jiwe la uzito unaojulikana.

4. Hesabu ya hifadhi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Tufuate hatua kwa hatua.

Kamera ya ubora wa kawaida, ambao mafundi huuita 1080p, ikitumia njia ya kisasa ya kubana picha, inaweza kukadiriwa kutoa megabiti 2 kwa kila sekunde. Biti 8 ni baiti 1. Basi:

Megabiti 2 kugawanya kwa 8 = megabaiti 0.25 kwa sekunde.
Mara sekunde 3,600 = megabaiti 900 kwa saa.
Mara saa 24 = megabaiti 21,600, yaani gigabaiti 21.6 kwa siku.

Tuchukue chama cha mfano chenye kamera nne: moja mlango wa ghala, moja mizani, moja ofisi yenye kasha la fedha, na moja ua. Kamera nne hutoa gigabaiti 86.4 kwa siku. Kwa siku 30, gigabaiti 2,592.

Diski ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, itajaa baada ya siku 11 na nusu hivi. Diski ya terabaiti 2 itajaa baada ya siku 23. Diski ya terabaiti 4 itachukua siku 46. Ikijaa, mashine hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Swali la kujiuliza ni hili: upungufu ghalani kwenu hugunduliwa baada ya siku ngapi? Ikiwa hesabu ya marobota hufanywa kila baada ya wiki mbili, diski ya terabaiti 1 itakuwa imekwisha kufuta siku ile ile mnayoitafuta. Diski na ipite, kwa siku kadhaa, muda uliopo kati ya hesabu moja na nyingine.

Sasa tuangalie nyumba ya mwanachama. Kamera zake hurekodi pale tu kitu kinapopita. Tuseme kila kamera hurekodi jumla ya saa 2 kwa siku: hiyo ni gigabaiti 1.8. Kamera mbili ni gigabaiti 3.6. Kadi ya gigabaiti 64 itatunza siku 17 hivi, na kadi ya gigabaiti 128 siku 35. Habu yenye gigabaiti 16 tu itatunza siku 4. Picha zikiwa za ubora mkubwa zaidi, siku zitapungua. Kila katibu aweke kiasi halisi cha kamera yake mahali pa zile megabiti 2, kisha arudie hesabu.

Jambo moja zaidi. Diski na kadi za kawaida hazikutengenezwa kuandikwa mchana na usiku. Ziko diski zilizotengenezwa mahususi kwa kazi ya ulinzi, na kadi zilizoandikwa kwamba zinastahimili kuandikwa mfululizo. Bei yake ni kubwa kidogo, lakini kadi ya bei ndogo ikifa kimya kimya, chama kitajua siku ya wizi.

5. Umeme, radi, mabati na wadudu wa ziwani

Habu isiyo na umeme ni sawa na mlinzi aliyelala, na mwizi mwerevu huanza kwa kukata umeme. Tuseme habu hutumia wati 10 na kila kamera wati 5. Kamera nne na habu ni wati 30. Umeme ukikatika saa 12 jioni ukarudi saa 12 asubuhi, tunahitaji wati 30 mara saa 12, yaani wati-saa 360.

Betri ndogo ya volti 12 na ampia-saa 7 ina wati-saa 84. Betri za risasi hazifai kutumiwa zaidi ya nusu, hivyo tunapata 42: hazifiki saa moja na nusu. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200. Nusu yake ni 600, inayotosha saa 20. Chama chenye paneli za sola tayari kinaweza kuijaza betri hiyo kwa jua. Nyumbani, ambako kamera zina betri zake, habu peke yake huhitaji nguvu kidogo tu, na mfumo mdogo wa sola ya taa huweza kuibeba.

Ziwa letu ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani. Waya mrefu uliopita juu ya ua ni mwaliko kwa radi. Fundi na atakiwe kuweka waya wa ardhi na vikinga-radi kwenye waya wa umeme na wa kamera pia. Waya wa mtandao usizidi mita 100 kutoka kwenye mashine hadi kwenye kamera.

Kwa habu za redio, adui mkubwa ni mabati. Mawimbi hupita ukuta wa tofali kwa shida, lakini ukuta au mlango wa bati huyarudisha. Kabla ya kununua, simama mahali ambapo kamera itafungwa, funga milango, kisha pima kwa simu kama Wi-Fi ya mahali pa habu inafika. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri kuliko ya gigahezi 5.

Mwisho, tusisahau wadudu. Wakazi wa mwambao wanajua jinsi wadudu wa ziwani wanavyotanda kama moshi. Usiku huzagaa mbele ya kamera, na buibui huwafuata na kutanda utando wao. Kamera inayoamshwa na mwendo itarekodi wadudu usiku kucha, ikijaza kadi na kumaliza betri. Chagua mfumo unaoweza kutofautisha mtu na kitu kingine, na ambao hufanya kazi hiyo ndani ya habu yenyewe, si katika wingu. Kisha mlinzi apewe ufagio: kufuta kamera kila wiki ni sehemu ya kazi ya ulinzi. Katika ghala la pamba, vumbi nalo huziba matundu ya hewa ya mashine, kwa hiyo habu isikae ghalani.

6. Maswali ya kumwuliza muuzaji

Katibu aende dukani na orodha hii, na majibu ayaandike.

(1) Je, mfumo utarekodi kama hakuna intaneti kabisa? Usikubali jibu la mdomo. Mwambie achomoe waya wa mtandao mbele yako, apite mbele ya kamera, kisha aonyeshe picha hiyo kutoka kwenye habu.

(2) Je, naweza kutazama picha za zamani nikiwa ofisini, kwa kioo au kwa simu, wakati intaneti haipo?

(3) Je, ninalazimika kulipa chochote kila mwezi ili kupata kazi nilizoonyeshwa hapa?

(4) Hifadhi iliyomo ni gigabaiti ngapi, na inaweza kuongezwa hadi ngapi? Je, kadi au diski imo katika bei?

(5) Habu inabeba kamera ngapi? Je, inapokea kamera za kampuni nyingine? Upo utaratibu wa pamoja wa watengenezaji uitwao ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008; mashine inayoufuata haikufungi kwa kampuni moja.

(6) Je, picha zimefungwa kwa siri ndani ya diski? Zikifungwa, mwizi hawezi kuzisoma. Lakini habu ikifa, huenda nawe usiweze. Hivyo uliza pia namna ya kutoa nakala.

(7) Je, saa ya mashine huendelea kwenda sawasawa umeme ukikatika na intaneti isipokuwepo?

(8) Je, nenosiri la kiwandani hubadilishwa? Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na mashine za kurekodi duniani kote, kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadili.

(9) Je, mtengenezaji hutoa masahihisho ya programu, na yanawekwa vipi mahali pasipo na mtandao wa kudumu?

(10) Nani atatengeneza hapa hapa Musoma au Bunda, na dhamana ni ya muda gani?

Muuzaji anayekataa jaribio la swali la kwanza, chama kisinunue kwake.

7. Nani ashike ufunguo

Udhaifu mkubwa wa hifadhi ya ndani ni kwamba mwenye kisanduku ndiye mwenye picha. Mwizi wa nje anaweza kukibeba. Mtu wa ndani anaweza kufuta. Na tuseme kweli: katika vyama, hasara nyingi haziletwi na mtu aliyevunja mlango, bali na mtu aliyekuwa na ufunguo.

Dhidi ya mwizi wa nje, habu ifungwe katika kabati la chuma lililokazwa ukutani, lenye matundu ya hewa, katika chumba tofauti na kile chenye kamera zinazoonekana. Kama mfumo unaruhusu, kamera ya mlango na ya kasha ziwe pia na kadi zake zenyewe, ili zibaki nakala mbili mahali pawili. Chama chenye intaneti kidogo chaweza kupeleka mbali tahadhari fupi tu za usiku, huku picha zote zikibaki chumbani.

Dhidi ya mtu wa ndani, tutumie kanuni tuliyoizoea katika kasha la fedha: funguo mbili kwa watu wawili. Ufunguo wa kabati ushikwe na katibu. Nenosiri la usimamizi, lile linaloweza kufuta, ligawanywe: nusu iandikwe na mwenyekiti, nusu na mjumbe wa kamati ya usimamizi, kila mmoja akificha yake, na nakala iwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Katibu apewe nenosiri la kutazama tu. Kwa utaratibu huo hakuna mtu mmoja awezaye kufuta siku.

Liwepo daftari la kamera lenye safu tano: tarehe, saa, jina la aliyetazama, sababu, na sahihi za watu wawili. Katika kuandika saa tuwe waangalifu. Mashine huandika 20:00 pale sisi tunaposema saa 2 usiku, na 02:00 pale tunaposema saa 8 usiku. Mashauri huweza kuvurugika kwa kosa la saa sita. Andika zote mbili: saa ya mashine na saa yetu.

Kila wiki, siku moja iliyopangwa, katibu na mjumbe mmoja watafute picha ya siku kumi zilizopita. Ikipatikana, waandike "imeonekana". Isipopatikana, wamwite fundi siku hiyo hiyo.

8. Haki ya jirani, sheria na ushahidi

Kamera humwona mwizi, lakini humwona pia mama wa jirani akioga uani, mtoto akicheza, na mgeni aliyekuja kwa shida zake. Mwanachama anayefunga kamera nyumbani na aielekeze kwenye mlango wake, zizi lake na stoo yake. Isielekee ua wa jirani, njia ya kisimani wala choo. Busara ni kumwita jirani na kumwonyesha kinachoonekana. Ulinzi unaoleta uadui na jirani umepoteza mlinzi mkubwa kuliko kamera.

Kwa chama, jambo hili ni la sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aidha humtaka azikusanye kwa kusudi halali na lililo wazi, azitunze kwa usalama, na asizikalie kupita muda unaohitajika. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Hivyo liwekwe tangazo mlangoni kwamba pana kamera na kwa sababu gani. Azimio la kuzifunga lipitishwe na mkutano mkuu, na muhtasari useme picha zitatunzwa siku ngapi na nani ataziona. Picha za ofisi zisitumwe kwenye makundi ya simu, hata kama zinachekesha, hata kama zinamwonyesha mtuhumiwa. Mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa kwanza.

Wizi ukitokea, msikimbilie kuzungusha picha kwa kila anayetaka. Simamisheni kwanza ufutaji, au toeni nakala mbili za kipindi kinachohusika mbele ya mashahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa namna hii, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haukubadilishwa. Kwa hiyo andikeni nani alitoa nakala, saa ngapi, kwa chombo gani, na nani alikabidhiwa polisi. Daftari la kamera lililojazwa vema ndilo litakaloipa picha uzito. Picha isiyo na historia ya utunzaji ni kama stakabadhi isiyo na namba.

Tukumbuke pia kwamba kamera haichukui nafasi ya mpimaji mwaminifu, ya hesabu za ghala, ya mkaguzi, wala ya macho ya wanachama. Ikiwa leja ni mbovu, kamera itatuonyesha tu, kwa picha safi, watu wakiingia na kutoka.

Muhtasari

Kwa nyumba: habu ndogo, kadi imara ya gigabaiti 64 au zaidi, kamera za betri au sola zinazotambua mtu. Kwa chama: mashine ya waya, diski ya ulinzi ya terabaiti 2 au zaidi, betri ya kupitisha usiku, kinga ya radi, kabati la chuma, nenosiri lililogawanywa, na daftari. Kwa wote: jaribio la kuchomoa mtandao kabla ya kulipa.

Maswali ya majadiliano

1. Hesabu ya ghala letu hufanywa kila baada ya siku ngapi? Tungehitaji diski ya ukubwa gani kwa kamera tatu?

2. Chama kina habu ya wati 8 na kamera tatu za wati 4. Umeme umekatika kwa saa 10. Tunahitaji wati-saa ngapi, na betri ya risasi ya ukubwa gani?

3. Mwanachama anadai kilo zake zimepunguzwa kwenye mizani, naye anaomba aonyeshwe picha. Ni utaratibu gani ufuatwe ili apate haki yake bila kuvunja haki za waliopo katika picha hiyo?

4. Katika ofisi yetu, ni watu gani wawili wanaofaa kugawana nenosiri, na kwa nini wasiwe wa ukoo mmoja?

Kazi ya kikundi

Chora ramani ya ofisi na ghala la chama chenu. Onyesha mahali pa kila kamera, mahali pa habu, njia ya waya na urefu wake kwa mita. Tia kivuli sehemu ambazo kamera haitakiwi kuziona. Ramani hiyo, pamoja na majibu ya maswali kumi ya muuzaji, iwekwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya kununua kitu chochote.